Sura ya Tano: Kamanda wa Kazi Gani?

Mchezaji mgeni wa War in the Pacific huchelewa kugundua mahali anapopoteza vita. Huhesabu mizinga, hupanga ndege, hulinganisha unene wa vyuma vya manowari. Kikosi kikiwa tayari kung'oa nanga, kompyuta humteulia kamanda, naye hukubali bila hata kusoma jina. Siku mbili baadaye kikosi hicho kinakutana usiku na adui aliye nusu yake kwa nguvu, kinarusha makombora machache, kinageuza na kurudi bandarini. Mchezaji anailaumu kompyuta, kumbe aliyegeuza ni yule mtu ambaye jina lake hakulisoma.

Mchezo huo, uliotoka mwaka 2004 na kupanuliwa sana mwaka 2009, umejaa maafisa ambao wengi wao walikuwepo kweli katika vita vya 1941 hadi 1945. Kila mmoja ana safu yake ya namba: uongozi, uwezo wa kutia watu moyo, ujuzi wa vita vya majini, wa anga, wa nchi kavu, utawala, ushari, na uzito wake wa kisiasa. Kuwabadilisha baadhi yao kunagharimu pointi za siasa, na pointi hizo haziokotwi njiani. Kwa hiyo unapomwondoa mkubwa asiyefaa ili kuweka kijana anayefaa, unalipa, kama serikali halisi inavyolipa kwa manung'uniko ya wakubwa na marafiki zao.

Wachezaji wazoefu wana kanuni yao, nayo inasemeka kwa pumzi moja. Manowari za kupigana ana kwa ana mpe mtu mshari mwenye ujuzi wa majini. Zinazobeba ndege mpe anayejua anga na asiyekurupuka. Meli za mizigo mpe mwoga mwenye akili, maana kazi yake ni kufika. Wafagiaji mabomu mpe yeyote aliyebaki. Ni kanuni nzuri na mimi mwenyewe huifuata. Lakini inamchukulia kamanda kama kifaa kisichobadilika: leo namba yake ya ushari ni 70, mwakani ni 70, ameshinda au ameshindwa. Hapo ndipo mchezo unapoachana na watu wa kweli, na ndipo sura hii inapoanzia.

Pasifiki yenyewe ina mifano ya kutosha ya uteuzi uliofanywa kwa sababu zisizohusu namba yoyote. Usiku wa kuamkia 13 Novemba 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal, Wamarekani walikuwa na maadmirali wawili katika msafara mmoja. Norman Scott alikuwa amewashinda Wajapani katika pigano la usiku mwezi mmoja tu nyuma. Daniel Callaghan alikuwa ametoka ofisini, alikokuwa mkuu wa wafanyakazi wa admirali mwingine. Amri alipewa Callaghan, kwa kuwa alimtangulia Scott cheo kwa siku kumi na tano. Aliongoza akiwa ndani ya manowari isiyo na rada mpya, wakati baadhi ya waliokuwa nayo walikuwa nyuma yake kwenye mstari. Wote wawili waliuawa usiku huo. Wajapani nao walikuwa wamempa Chuichi Nagumo manowari zao za kubeba ndege kwa kufuata foleni ya vyeo, ingawa maisha yake yote alikuwa mtu wa topido. Mara nyingine bahati huteua vizuri kuliko foleni: mwishoni mwa Mei 1942 William Halsey, simba wa ushari, alilazwa kwa ugonjwa wa ngozi, na nafasi yake akapewa Raymond Spruance aliyezoea manowari za kawaida. Jioni ya 4 Juni, baada ya kuzichoma manowari za Nagumo huko Midway, Spruance alirudi nyuma kuelekea mashariki badala ya kuwakimbiza Wajapani gizani, ambako walikuwa wakimngoja na mizinga yao mikubwa. Wapo waliomwita mwoga. Sidhani kama Halsey angerudi nyuma.

Lakini msomaji wa Katana, mashariki mwa Kongo, hana haja ya kwenda mbali hivyo. Barabara ya kutoka Bukavu kwenda Goma inapopita Katana, ng'ambo ya maji anaiona Idjwi, kisiwa chenye urefu wa kilomita arobaini hivi katikati ya Ziwa Kivu. Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisiwa hicho kilitekwa na Wajerumani. Aliyekiteka alikuwa kapteni wa nchi kavu, Max Wintgens, aliyeshika amri ya Rwanda upande wao. Alikuwa na askari wachache, mitumbwi na boti, akawashtukiza Wabelgiji waliokuwa kisiwani na kuwakamata. Kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu tangu hapo, mwambao wote wa magharibi, kutoka Nyalukemba palipo Bukavu ya leo na kupanda kaskazini kupitia Katana hadi Kalehe, ulitazamana na adui aliyekuwa ametandaza blanketi lake katikati ya ziwa.

Ingekuwa ni mchezo, nani angempa Wintgens kikosi cha majini? Ujuzi wake wa majini ungesomeka sifuri. Ila Kivu ya mwaka 1914 haikuwa na manowari. Ilitakiwa kasi, siri, na mtu asiyengoja ruhusa, na hayo Wintgens alikuwa nayo kupita kiasi. Kiasi hicho kilionekana baadaye. Mwanzoni mwa 1917, jeshi la Wajerumani likiwa linasukumwa kusini, Wintgens alijitenga na wenzake bila amri, akaondoka na kikosi chake kuelekea kaskazini katikati ya nchi ya Tanganyika. Wabelgiji na Waingereza walilazimika kupeleka maelfu ya watu kumfukuza. Yeye alikamatwa mwezi Mei akiwa hoi kwa homa, na mwenzake Naumann akaendelea mbele hadi Oktoba. Wapo wanaosema msafara ule ulimsaidia jemadari wake, Lettow-Vorbeck, kwa kuwatawanya adui zake, na wapo wanaosema ulimnyang'anya askari wake bora wakati alipowahitaji kuliko wakati wowote. Mimi niko na hawa wa pili. Hata hivyo ushari ni uleule uliokiteka kisiwa. Kilichobadilika ni mahitaji ya jemadari wake.

Sasa tuteremke na mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika, maana huko ndiko kamanda wa kikosi cha majini alikochaguliwa kwa namna ambayo mtunga mchezo hangethubutu kuibuni.

Agosti 1914 meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilivuka ziwa na kuipiga meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, palipo Kalemie ya leo. Kuanzia siku hiyo ziwa zima, urefu wa kilomita zaidi ya 650, likawa la Wajerumani. Waliweza kushusha askari popote upande wa Kongo au wa Rhodesia na kuondoka kabla ya mtu kufika. Mkuu wao alikuwa Gustav Zimmer, aliyekuwa nahodha wa meli ya upimaji Möwe, iliyozamishwa na wenyewe Dar es Salaam vita vilipoanza. Yeye na mabaharia wake walipanda treni ya reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka uleule, wakaenda kupigana vita vya majini kilomita zaidi ya elfu moja kutoka baharini. Februari 1915 waliishusha majini Graf von Götzen, meli ya mita 71 iliyojengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku elfu tano na kuunganishwa tena Kigoma. Ilipachikwa mzinga mkubwa uliotoka kwenye manowari Königsberg. Ziwani hakukuwa na chombo cha kuisogelea.

Kama Zimmer angekuwa na safu ya namba, safu yake ya utawala ingekuwa juu sana. Mtu aliyeweza kuendesha karakana ya meli Kigoma bila kupata hata msumari kutoka kwao hakuwa mtu wa kawaida.

Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alifika makao makuu ya jeshi la majini London na wazo lake: zipelekwe boti ndogo za injini, ziende kasi, zipelekwe kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, zivutwe kupita milimani, kisha zishushwe ziwani kabla Mjerumani hajajua. Wakubwa walikubali. Likabaki swali: nani aongoze?

Lee aliijua njia, lakini hakuwa afisa wa jeshi la majini. Maafisa wazuri walikuwa tayari kwenye meli zao, wakiingoja siku ya kukutana na Wajerumani katika Bahari ya Kaskazini. Aliyekuwa huru alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, umri wa miaka 39, aliyezaliwa Tasmania, ambaye wenzake wa rika walikuwa wameshampita vyeo. Aliwahi kugongesha manowari. Novemba 1914 meli Niger ya kikosi alichokiongoza ilipigwa topido na kuzama ikiwa imetia nanga, naye alikuwa nchi kavu hotelini. Baada ya hapo alipewa meza ofisini. Kwa upande wa faida, alijua Kifaransa na Kijerumani, na aliwahi kupima mto Gambia, kwa hiyo Afrika haikuwa ngeni kwake. Hakuna mchezaji mwenye akili timamu ambaye angepita juu ya majina mia moja mengine amchague huyu. London walimchagua kwa sababu ndiye aliyekuwepo, na kwa sababu kikosi chenyewe kilionekana kidogo mno kiasi kwamba hata kikipotea hakitamuumiza mtu. Nadhani wateuzi wengi wa duniani wamefanya kazi zao hivyo, na ni bora tukubali kuliko kuwatungia hekima baada ya tukio.

Boti zilikuwa mbili, kila moja mita kumi na mbili. Spicer-Simson alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, naye akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo Wafaransa huwapa paka na mbwa wao. Watu wake walikuwa wasiofika thelathini. Waliondoka Uingereza Juni 1915, wakashuka Cape Town Julai, na mwanzoni mwa Agosti reli ikawafikisha Fungurume, Katanga. Kutoka hapo ilikuwa ni kuvuta. Matrekta mawili ya mvuke, makumi ya maksai, na mamia ya wanaume wa Katanga walizivuta boti kwa kilomita zaidi ya 230 kupita milima ya Mitumba, wakikata miti, wakijenga madaraja zaidi ya mia moja, wakichukua maji kwa vichwa kulisha matrekta. Majina ya wanaume hao hayakuandikwa kwenye safu yoyote. Kisha reli fupi hadi Bukama, mto Lualaba ukiwa na maji ya kiangazi, reli nyingine kutoka Kabalo, na mwishoni mwa Oktoba wakafika Lukuga.

Ni nani aliyelifanikisha hilo? Lee alitangulia kuipima njia; kabla ya kazi kwisha alikuwa ametuhumiwa ulevi na kutoa siri, akaondolewa na mkubwa wake. Ujuzi wa kuvuta mizigo ulikuwa wa Luteni Wainwright. Afya ya watu ilikuwa mikononi mwa daktari Hanschell. Spicer-Simson yeye alivaa sketi ya kitambaa cha khaki, alionyesha michoro ya nyoka iliyochanjwa mwilini mwake, na kusimulia ushujaa ambao hakuna aliyeuamini. Waholoholo wa Lukuga walikuja kumtazama akioga hadharani, wakamwita Bwana Chifungatumbo. Lakini jambo moja alikuwa nalo ambalo mchezo huliita uwezo wa kutia moyo na maisha huliita kutokuwa na aibu: hakuwahi kukiri kwamba kazi ile haiwezekani. Mwenye akili zaidi yake angekiri pale Fungurume.

Boti zilishushwa majini siku chache kabla ya Krismasi. Asubuhi ya 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ilikuja kuchungulia Lukuga. Mzinga wake ungeweza kupiga mbele tu. Mimi na Toutou ziliizunguka kwa kasi yake mara mbili, zikaipiga kutoka nyuma, na ndani ya dakika kumi na kitu nahodha wake Junge alikuwa amekufa na bendera imeshushwa. Kingani ilikarabatiwa na kuitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilikuja kutafuta kilichompata mwenzake, ikazamishwa na Fifi pamoja na Mimi.

Hapa nimrudie Zimmer, kwa kuwa kosa lake ndilo wachezaji wengi hulifanya bila kujua. Alijua kuna jambo Lukuga. Alimtuma afisa wake Rosenthal kupeleleza, naye akaogelea usiku hadi karibu na ufuko na kukamatwa. Lakini Zimmer alitazamia meli kubwa ya Wabelgiji, Baron Dhanis, ambayo vipande vyake vilikuwa bado havijaunganishwa. Hakutazamia boti mbili. Alipoipoteza Kingani alifikiri imepigwa na mizinga ya pwani, akatuma Hedwig. Kikosi chake kizima kingeweza kusafiri pamoja na kuizima Lukuga kwa asubuhi moja. Yeye aliituma meli mojamoja chini ya maafisa wadogo, na ile kubwa akaiweka kwa kazi ya kubeba askari. Mtawala bora huwa na tabia hii: anatunza mali. Miezi kumi na sita ya kutokuwa na mpinzani ilikuwa imegeuza kikosi cha vita kuwa shirika la usafiri, na yeye kuwa meneja wake.

Sasa Spicer-Simson. Baada ya Kingani alipandishwa cheo, akapata pongezi kutoka London, akawa shujaa wa magazeti. Siku moja baada ya kuizamisha Hedwig, Götzen yenyewe ilijitokeza mbele ya Lukuga, ikienda taratibu, ikitafuta. Maafisa wa Spicer-Simson walimsihi atoke. Alikataa. Mtu aliyevuta boti kupita milima ya Mitumba sasa alikuwa na jina la kulinda. Aliondoka kwenda Léopoldville kutafuta meli kubwa zaidi, akarudi mwezi Mei na meli ya konsuli wa Uingereza. Wakati huo Wabelgiji wa Lukuga chini ya kamanda wao Moulaert, waliokuwa hawaelewani naye tena, walikwishapata ndege za kutua majini na kuanza kujiandaa kuipiga Götzen kutoka juu. Mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa umeshaondolewa na kupelekwa kwa Lettow-Vorbeck, na mahali pake ukawekwa wa bandia.

Juni 1916 Spicer-Simson alitumwa kusini, Bismarckburg, ambayo sasa ni Kasanga, kuziba njia ya maji wakati askari wa Luteni Kanali Murray wakiizingira ngome kutoka nchi kavu. Alifika, akaona mizinga juu ya ukuta wa ngome, akakaa mbali. Usiku Wajerumani walipanda majahazi na kuondoka zao. Murray alipoingia ngomeni alikuta mizinga ile ni ya mbao.

Ukitaka kumwandikia Spicer-Simson namba ya ushari, utaandika ngapi? Ya Desemba ni 80, ya Juni ni 20. Wastani wake, 50, ni uongo mtupu, kwa kuwa hakukuwa na siku hata moja alipokuwa mtu wa 50. Ndiyo maana mimi ninapocheza sisomi safu ya ushari peke yake. Nasoma kwanza kikosi kinakwenda kufanya nini na kamanda anacho nini cha kupoteza. Mtu aliyekuwa mezani, aliyesahauliwa, atajaribu jambo lisilowezekana kwa kuwa hana la kulinda. Baada ya kulifanikisha, mpe medali, mpe chumba chenye dirisha kubwa, na kikosi mpe mwingine. Katika mchezo hilo linagharimu pointi chache. Mwaka 1916 lingegharimu zaidi: nani London angemwondoa mtu ambaye magazeti yalikuwa yanamwita mshindi wa Tanganyika? Aliondolewa mwishoni, ila kwa cheti cha daktari, akarudi kwao na medali yake. Hakupewa tena kikosi cha kuongoza. Hata hilo naona lilikuwa kosa dogo. Kwa kazi ngeni, ya mbali, isiyo na foleni ya waombaji, ningemchukua tena kesho.

Ziwa lenyewe halikuamuliwa na mwanamaji. Aprili 1916 Jenerali Tombeur alianza mashambulizi yake, Idjwi ikarudi mikononi mwa Wabelgiji, na brigedi ya kusini ikavuka Ruzizi chini ya Olsen, Mdenmaki aliyekuwa akitumikia jeshi la Kongo. Iliteremka kupitia Burundi kwa miguu, wapagazi wakibeba kila kitu, hadi ikaikaribia reli ya Kigoma. Zimmer alipoona njia ya nchi kavu inafungwa nyuma yake, aliamuru Götzen izamishwe. Mafundi wake waliipaka injini mafuta mazito kwanza ili isiharibike, wakaishusha chini mwishoni mwa Julai, siku chache kabla askari wa Olsen hawajaingia Kigoma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 imekuwa ikiitwa Liemba; kwa miongo mingi ilibeba abiria na dagaa kati ya Kigoma na Mpulungu. Safu ya Olsen ya ujuzi wa majini, kama kuna mtunga mchezo atakayemwandikia siku moja, itakuwa tupu.